Debe la Ng'ombe

Mwanangu Zuhura,

Nimekaa uani kwenye kigoda changu cha kulehemia, karatasi nimeilaza juu ya sanduku lako jipya ndiyo meza. Wewe na mama yako mmekwenda Kinondoni kuaga kwa shangazi yako, na namjua dada yangu, hamwachi mgeni aondoke bila kula, kwa hiyo nina nafasi mpaka jua lishuke. Kesho asubuhi gari moshi linakuchukua kwenda Tabora kusomea uuguzi. Haya nilitaka nikwambie kwa mdomo. Juzi nilikuita, ukaja, nikakuuliza kama kufuli la sanduku linafunga vizuri. Jana nikakuita tena, nikakuuliza habari ileile ya kufuli, ukanicheka: "Baba nawe! Sanduku umelitengeneza mwenyewe, waniuliza mie?" Ulipogeuka kwenda zako nilijitukana moyoni. Ndiyo maana naandika.

Ya kula na kulala, ya nguo na ya kujihadhari na maneno ya vijana, mama yako ameyasema mwezi mzima, sina la kuongeza. Mie nina jambo moja tu. Ni habari ya mdogo wako Idi, na ya lile debe. Najua ukiliona neno hilo hapa utataka kuikunja barua uiweke. Usiikunje, mama. Isome mpaka mwisho, maana lililo mwishoni ndilo lako, mengine yote ni yangu.

Unajua wanavyotucheka hapa Temeke. "Nyumba ya Fundi Rajabu haina jaa." Kweli haina. Kila nyumba ina shimo lake la taka nyuma, sie hatuna, kwa kuwa hatukuwa na cha kutupa. Mama yako akikuna nazi, machicha ni ya kuku. Makumbi na majivu ndiyo ya kusugulia masufuria. Kifuu kizima nakitia mpini kinakuwa kata ya maji, kilichopasuka kinaingia motoni. Kanga ikichakaa ya kutokea inakuwa ya kulalia, halafu inakuwa nepi, halafu tambara la kudekia, na mwisho mama yako anaichana utambi wa koroboi, hata moshi wake tumeuvuta sie wenyewe. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye migomba. Tairi bovu ni katambuga zangu hizi nilizovaa, mwaka wa sita huu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimuuliza mama yako, "Mama, na hiki tukitupe?" naye anakujibu, "Tukitupe wapi? Kwani huko kinakokwenda hakuna watu?"

Na bati ndiyo ilikuwa zamu yangu. Debe moja la mafuta ya taa mie nalipa uhai mara tano. Kwanza ni ndoo, natia mti juu wa kushikia. Likitoboka kitako nalikata, nalinyoosha, ni bati la paa. Vipande vya pembeni ni koroboi, kipande kilichobaki ni kikombe cha kupimia, na kile kidogo kabisa kinaziba tundu la sufuria ya mtu. Nilikuwa najisifu sana kwa hilo. Nilikuwa nikisimama barazani nawaambia watu kwamba Mungu hakuumba taka, taka ni uvivu wa mikono. Nilikuwa na maneno mengi siku zile.

Wakati wa vita bati jipya lilipotea kabisa. Kwa Wahindi mjini hupati, na debe tupu lililokuwa likiokotwa hivihivi sasa watu wanaligombea. Nikaanza kwenda mbali kutafuta. Njia ya Pugu, ukipita Gongo la Mboto, kulikuwa na shamba la ng'ombe la mzungu mmoja, na nyuma ya zizi ndipo walipotupa vyombo vyao vibovu. Mchunga ng'ombe wa pale alikuwa mtu wa bara, Masanja, Kiswahili chake kifupi lakini mtu wa watu. Nilikuwa nampelekea tumbaku, naye ananiacha nichague.

Siku hiyo ilikuwa mkesha wa Ramadhani. Karibu vyote vilikuwa kutu tupu, ila debe moja. Zima, halina hata tundu, kizibo kimekaa sawasawa. Nililipenda mara moja. Karatasi yake ilikuwa imechanika, maandishi ya Kizungu yamebaki nusu, na juu yake picha ya kichwa cha ng'ombe. Nikalinusa. Lilikuwa na harufu ya sabuni kali. Nikasema moyoni, basi, hata kuoshwa limeshaoshwa.

Sasa nikukumbushe hofu yetu sie ilikuwa nini. Chombo cha mzungu, hofu ni nguruwe. Mafuta ya nguruwe huja katika madebe namna ileile, na mama yako asingekubali kitu kama hicho kivuke kizingiti, mwezi mtukufu unaingia kesho. Nikamwita Masanja, nikamuonyesha.

"Hili lilikuwa la nini? Isije ikawa la nguruwe."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Hapa nguruwe hapana. La ng'ombe hilo."

La ng'ombe. Zuhura, nilifurahi mie! Nikaona picha ya ng'ombe, nikasikia la ng'ombe, nikasema hii ni samli au mafuta ya ng'ombe, halali safi. Sikuuliza neno la pili. Nililiweka begani nikatembea nalo mpaka Temeke naimba. Njiani nikakumbuka kwamba pale shambani mbwa wa mzungu wanazurura, hawakosi kulamba. Lakini hilo lina dawa yake katika dini, mara saba, na moja kwa udongo. Kwa hiyo nilipofika nililitua mbele yako nikakwambia, "Lioshe hili mara saba, moja kwa udongo, kisha ulijaze maji. Ndilo la kunywea mwezi huu."

Ulikuwa na miaka tisa. Kisima cha karibu kilikuwa kimekauka, ikabidi uende cha kule bondeni. Sikukusaidia. Nilikuwa na koroboi za watu za kumalizia, na nilidhani kuosha chombo ni kazi ya mtoto wa kike, basi. Ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi. Jioni debe lilikuwa pembeni ya mlango, limejaa, linang'aa. Mwezi ukaonekana. Tukalala, tukaamka kula daku, na ule uji wa daku mama yako aliupika kwa maji ya mtungi wa zamani, ili maji ya debe yapoe vizuri kwa ajili ya kufuturu.

Asubuhi sote tumefunga. Hata wewe ulikuwa umefunga, Ramadhani yako ya kwanza ya kutwa nzima, ulijikaza kweli. Asiyefunga nyumbani alikuwa mmoja tu. Idi, miaka minne.

Hapo ndipo nilipotumia miaka kujiuliza kwa nini Mungu alipanga vile, na jibu ni kwamba mie ndiye niliyepanga. Nyumba nzima imejizuia kunywa, kasoro mtoto. Alikunywa asubuhi baada ya kula kiporo, akanywa tena akitoka kucheza. Adhuhuri haijaadhiniwa akaanza kutapika. Mama yako akadhani ni kile kiporo. Kisha tumbo likaanza kuhara, majimaji matupu, na miguu ikamkaza akawa analia akiishika. Na kiu, Zuhura. Kiu ile sijaiona kwa mtu mwingine. "Baba, maji. Baba, maji."

Mie ndiye niliyempa. Mama yako alikuwa amemshika kichwa, mie nikawa nachota kwa kata ya kifuu, ile niliyoichonga mwenyewe, nachota kwenye debe, namnywesha. Akitapika nachota tena. Nilikuwa nasema, "Kunywa, mwanangu, kunywa, maji yanaosha tumbo." Sikumbuki mara ngapi. Mara nyingi. Nilipoona macho yamegeuka nilimbeba mgongoni nikaanza kukimbia njia ya mjini kumtafuta mganga, na kabla sijafika mbali nikasikia mikono yake imelegea shingoni kwangu. Nilirudi naye. Adhana ya magharibi ilinikuta mlangoni, na siku hiyo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekumbuka kufuturu. Ndiyo iliyotuokoa sie wengine. Maji yale yalimwagika pale uani katika zile pilikapilika, debe likapinduliwa na watu, na hakuna aliyejua.

Sasa nakuja kwenye lile.

Baada ya mazishi wanawake walijaa ndani. Bi Mwajuma, jirani yetu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya ila ulimi wake haukuwa na mlango. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani: "Watu wanakwenda kuokota vyombo kwenye jaa la wazungu, mwezi mtukufu huu! Hiyo najisi itaacha kumdhuru mtoto?" Kila mtu akanitazama. Baraza zima. Na mie, mtu mzima na ndevu zangu, nilifanya nini? Nilinyanyuka nikaingia ndani nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa umejikunja nyuma ya mlango. Nikakuuliza mbele za watu:

"Lile debe uliliosha mara ngapi?"

Ukasema taratibu, "Mara nne, baba. Maji yaliisha."

Nami nikasema, "Basi ndiyo hayo."

Maneno matatu. Nikatoka. Barazani watu wakapumua, wakapata pa kuweka lawama, nami nikakaa chini na watu wazima wenzangu wakanipa pole. Mtoto wa miaka tisa, siku yako ya pili ya kufunga, koo limekauka, ndugu yako yupo kaburini tangu asubuhi, nikakuacha nyuma ya mlango na maneno yale.

Siku zile niliamini. Nakwambia kweli, hata hivyo sijitetei. Niliamini ni najisi, au ni kudra, au vyote viwili. Lakini haikuchukua muda nikajua, na hiyo ndiyo sehemu ambayo nimeificha.

Baada ya sikukuu ya Idi kubwa, nilirudi kule shambani. Sikuwa natafuta debe, nilikuwa siwezi kukaa nyumbani. Nikamkuta Masanja na wenzake wanaswaga ng'ombe mmoja mmoja kwenye handaki lililojaa maji ya rangi ya kahawia, ng'ombe anazama mpaka masikio anatokea ng'ambo anajikung'uta. Pembeni kulikuwa na madebe matatu, kichwa cha ng'ombe kimechorwa juu. Mtu mmoja akayamimina humo akiwa amejifunga matambara mikononi mpaka viwikoni.

"Masanja," nikamwambia, "lile debe ulilonipa. Ulisema la ng'ombe."

"Ndiyo. La ng'ombe."

"La mafuta ya ng'ombe?"

"Mafuta? Nani kasema mafuta? Dawa. Dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaoga, kupe anakufa." Akanionyesha dimbwi kando ya handaki. "Kuku akinywa hapo, hafiki jioni." Kisha akanitazama. "Wewe ulilifanyia nini?"

Nikamwambia, "Nilizibia paa."

"Ah, paa ni sawa," akasema, akarudi kwenye ng'ombe wake.

Yeye hakunidanganya. Lilikuwa la ng'ombe kweli. Niliuliza kama ni haramu, akanijibu kwamba si haramu. Ningemuuliza "lilibeba nini?" angenijibu vilevile kwa neno moja, dawa, na leo Idi angekuwa kijana wa kukubebea sanduku hili stesheni. Na uchungu wangu zaidi ni kwamba mie ni fundi. Kila siku nafungua mishono ya bati. Najua kuliko mtu yeyote Temeke kwamba mshono wa debe umekunjwa mara mbili, na kilichoingia mle ndani hakitoki kwa maji wala kwa udongo wala kwa makumbi, mpaka uufumue kwa moto. Debe la mteja ningelifumua mishono, ningelisafisha, ningelilehemu upya. Langu nililipeleka kwa mtoto wangu alioshe, kwa sababu nilikuwa na haraka na koroboi za watu.

Kwa hiyo usikie vizuri, Zuhura. Ungeosha mara saba, angekufa. Ungeosha mara sabini, udongo wa Temeke wote ukaumaliza, angekufa. Ulichofanya wewe na ambacho hukufanya, havikuongeza wala havikupunguza kitu.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa najua. Nilipofika nilikukuta hapa uani unaosha sufuria. Nilisimama pale kwenye ua nikakusikia unahesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu. Ukafika saba ukamwaga, ukaanza tena moja. Mlango wa kusema ulikuwa wazi. Nikapita, nikaingia ndani.

Unajua kwa nini? Niliogopa mama yako. Niliogopa angenitazama aone ile kata mkononi mwangu. Na niliogopa watu. Ningesema kwamba debe la Fundi Rajabu limeua, nani tena angenunua ndoo kwangu, na tungekula nini? Nilijiambia mtoto husahau. Nilijiambia nitasema akikua. Ukakua, nikajiambia ameshasahau, kwa nini nimtoneshe. Miaka kumi hiyo. Na kila siku nakusikia unahesabu. Vikombe, mikono, mboga. Vidole vyako vilichanika mpaka mama yako akawa anavipaka mafuta ya nazi, na watu wanasifu, "Binti wa Fundi msafi huyo!" Hata yule daktari aliyekuja shuleni kwenu kuchagua wasichana alisema hajaona mtu anayenawa mikono namna yako, akaliandika jina lako mbele ya wote. Kila mtu alifurahi. Mie nilitoka nje nikaenda kukaa chooni, nikalia huko.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii chini ya sanduku, chini ya nguo, uikute ukiwa umeshafika. Nimeiandika mpaka hapa nikaona ni uwoga uleule. Tena nina sababu nyingine. Huko unakokwenda utafundishwa sumu na dalili zake. Siku moja mwalimu atasoma kitabuni: kutapika, kuhara maji, miguu kukaza, kiu isiyokatika. Utainua kichwa chako peke yako katikati ya watu usiowajua, na utajua. Halafu utajiuliza, baba alijua? Sitaki upate jibu hilo kutoka kwa kitabu. Nilijua.

Pengine akili yako imeshakwambia zamani kwamba najisi haiui mtoto. Wewe ni msomi. Lakini mikono yako haijaambiwa.

Sasa utafahamu mambo mengine ya humu ndani. Jina langu la Fundi Toboa, ambalo watoto wa mtaa huniitia, umekuwa ukidhani ni utani. Tangu siku ile, debe lolote au kopo nisilolijua lilikotoka, kitu cha kwanza natoboa kitako chake matundu matatu. Haliwezi kushika maji tena. Linakuwa la kuoteshea miche ya mpapai, au la kuku kutagia, na watu wanasema fundi huyu ana kichaa, anaharibu debe zima. Waache waseme. Na yale ninayoyajua asili yake, siyaruhusu kutoka hapa bila kufumua mishono. Sanduku lako hili ni madebe manane ya mafuta ya taa. Nimeyafumua yote, nimeyachoma, nimeyanyoosha, ndipo nikalehemu. Weka humo hata mkate.

Na pale mama yako alipotaka kupanda mchicha, nikamfokea mpaka akanuna siku tatu, unapakumbuka? Hapahapa nilipoweka kigoda. Debe liko chini yangu. Nililitoboa, nikalikunja kwa nyundo, nikachimba kufika kiunoni, nikalifukia. Katika maisha yangu yote ndicho kitu pekee nilichotupa, na hata hicho sikuweza kukitupa mbali, nimekikalia.

Sikwambii uache tulivyokulea. Usije ukawa mtu wa kutupa tupa. Kuna watu huko hospitali watakaokuja kukuomba chupa tupu na makopo ya dawa, akina mama, wakatie mafuta ya taa, wakatie asali ya watoto. Utawaona wanyonge na utataka kuwapa. Nami ningetaka uwape. Ila mwambie kila mmoja kilichokuwemo, kwa jina lake, na akijibu "ndiyo, nimefahamu," muulize tena amefahamu nini. Mie pia nilifahamu.

Kanga ya Idi ya kubebewa, ile ya rangi ya zambarau, mama yako hakuifanya tambara. Iko chini ya mto wake. Nyumba hii kila nguo imemaliza safari mpaka utambi, ile tu imegoma, na hatujawahi kuizungumza. Yeye nitamwambia mwenyewe kesho, tukitoka stesheni kukusindikiza. Usimwambie wewe, na usimwonee huruma mpaka ukae kimya kwa ajili yake. Huo ni mzigo wangu. Akitaka kuondoka kwangu ana haki, na nikikuandikia kwamba nimebaki peke yangu, usije kunitetea.

Sikuombi msamaha katika barua, maana karatasi ni rahisi. Nitakupa hii mkononi mkirudi, kabla ya magharibi, nami nitakaa hapahapa kwenye kigoda mpaka umalize kusoma. Ukitaka kunisema, niseme. Ukitaka kupita uingie ndani kama mie nilivyopita, nitakuwa nimestahili.

Ila kuna jibu nililodaiwa tangu siku ile, nami nataka ulisikie kwanza. Ulikuwa nyuma ya mlango, nikakuuliza mara ngapi, ukasema, "Mara nne, baba. Maji yaliisha." Nilitakiwa niseme hivi: Mara nne ni nyingi, mama, kwa mtoto aliyefunga. Toka huko nyuma ya mlango. Njoo ukae na baba yako.

Baba yako,
Rajabu